Matimba Yasiyolia

Maoni ya wachezaji yalikuwa yamemkwama Mwasiti kooni kama mwiba wa sato. "Mchezo wa kipuuzi." "Aliyetengeneza hii anachukia watu." Mmoja aliuliza tu, "Mama yako anajua unachofanya?" Mama alijua, na alikuwa upande wa huyo muulizaji.

Mchezo wenyewe unaitwa Duara, jina wachimbaji wanaloliita shimo la dhahabu. Aliutengeneza kwa miaka miwili chumbani kwao Nyasubi, tangu alipoiacha stashahada ya kompyuta njiani. Unapewa wachimbaji wanane, shimo moja la dhahabu na rundo la miti. Unapanga nani ashuke, nani avute mawe, na lini wafunge matimba, ile miti inayozuia kuta. Ukifanya pupa, duara linatitia na mchezo umekwisha. Na wachezaji wake wote walikuwa na pupa kama wamefiwa na subira.

Wengi walichezea machimboni Segese, kwenye kibanda cha Davis chenye kompyuta tano. Ijumaa Davis akapiga simu.

"Dada, watu wanapiga ngumi kibodi zangu. Kesho usipoondoa hilo la kutitia, naufuta, naweka mpira."

Hapakuwa na kibanda kingine kilichoukubali. Asubuhi Mwasiti alikuwa Segese, na majibu kumi na mawili ya matusi yale kichwani. Davis alikuwa amemkalisha kwenye benchi mtukanaji mkuu, Mayala, mchimbaji wa makamo mwenye vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeniua kila siku?"

"Unajiua mwenyewe, baba. Miti unayo, huifungi."

"Jana duara lilitulia vizuri tu. Mara puu, wote wanane chini."

"Ulifunga matimba mangapi?"

"Mawili."

"Kwa mita thelathini? Hata kitanda kina miguu minne."

Kibanda kizima kikacheka. Mayala hakucheka.

"Mwanawane, umewahi kushuka duarani?"

"Hapana. Na kaburini sijaingia, ila najua ni la nini."

"Basi sikia. Matimba yakichoka yanalia. Kwaa, kwaa, kama mlango mkavu. Yakilia huokoti hata kiroba, unashika kamba unapanda. Ya kwako mabubu. Nakaa hapa nimetega sikio kama nilivyozoea kule chini, nasubiri yaniambie. Hayasemi. Halafu unaniita mzembe."

"Ndiyo maana anafungulia sauti mpaka mwisho," Davis akasema. "Nilidhani ni kiziwi."

Mwasiti akayapekua majibu yake kumi na mawili. Hakuna lililofaa hata moja, na hilo lilimuudhi kuliko matusi yote, maana matusi angalau yalikuwa ya uongo.

"Kutitia kunabaki," akasema.

"Kubaki. Nani kasema kuondoke?"

"Wewe. Mara saba, kwa maandishi."

"Nilikuwa na hasira."

"Sasa nafuta au sifuti?" Davis akauliza.

Mayala alipogeuka kumjibu, benchi likalia chini yake. Mwasiti akatoa simu, akabonyeza kurekodi, akachuchumaa.

"Simama, baba. Kaa tena, polepole."

Mayala akakaa. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hapana. Hili linalia kama lina njaa. Matimba yanalia kama yana siri."

"Kaa tena."

"Jamani, nafuta?"

"Davis, nyamaza, unaharibu sauti. Kaa tena, baba."