Tairi Lililofichwa Migombani

Watu wa Mususa, hapa Butembo, walimsifu Melchior hata kanisani: kwado hodari, fundi wa matairi asiye na maneno mengi, aliyemhifadhi mjane wa mdogo wake Abdias, ambaye sote tuliamini aliuawa kwa risasi za askari, na kuwalisha watoto wa marehemu miaka yote ya vita. Sifa hizo zilimkera. Sisi tulidhani ni unyenyekevu, tulikuwa wajinga.

Mwaka 2003, njia ya Beni ilipoanza kupitika, jirani yetu Vagheni aliitoa pikapu yake kwenye migomba, alikoificha miaka minne ili askari wasiichukue. Alitaka kwenda Mutwanga kumrudisha mkewe Berthe na watoto wao wanne, waliokimbilia huko. Kwa Melchior alikuja kutia upepo tu, akalipigapiga tairi la mbele.

— Papa Melchior, angalia meno yake! Hii pineu hapana tembea tangu vita. Ni mupya!

Melchior aliinama, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba. Mpira ulijaa nyufa nyembamba.

— Meno iko, lakini mupira imekufa. Gari ilijificha, pineu ilikuwa inazeeka tu. Uache.

— Bibi yangu ananingojea miaka ine! Tia upepo, ao niende kwa mwingine.

Alikwisha kushika mlango wa pikapu. Melchior akamtazama Séphora, mjane wa Abdias, aliyekuwa akichambua maharagwe kando ya kibanda. Kisha akageuka.

— Abdias hapana kufa na masasi, alisema. Basoda balipora gari kisha ya kupinduka. Pineu ilipasuka. Ilikuwa na meno kama hii, na miye njo nilimwambia: iko muzima, enda.

Lawama za kifo kile tulikuwa tumevitupia vita, naye alituacha tuamini. Nilimkasirikia, na nilimhurumia papo hapo.

— Mulamu, aliuliza Séphora akimkazia macho shemeji yake, njo maana unalishaka batoto yangu?

Vagheni alichukua jeki, akaanza kufungua magurudumu.

Maharagwe yale Séphora aliyapika, akampakulia kila mtu isipokuwa Melchior. Ikawa hivyo wiki tatu, mpaka matairi mapya yalipopatikana Kasindi na pikapu ikaenda Mutwanga na kurudi. Ilisimama mbele ya kibanda. Séphora aliwatazama watoto wa Vagheni wakishuka, mmoja, wawili, watatu, wanne, na Berthe nyuma yao. Aliingia jikoni, akatoka na sahani ya Melchior.