Kilima Kisichokanyagwa

Binti yangu wa mwisho ni fundi wa kushona mashuka ya hospitali. Shuka likichanika analitia kiraka, likichoka kabisa analikata foronya. Kazi hiyo aliipata kilomita arobaini kutoka kwangu, na chumba akapewa hukohuko. Mimi nikihesabu ni kilomita mia, na hapo nimepunguza.

Alitaka kwenda na mwanawe, msichana wa miaka minne tunayemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata akilala. Nikakataa. Huyo ni mke mwenzangu. Tangu babu yake afariki, ndiye pekee niliyebaki naye wa kugombana humu ndani. Basi la huko hupita mara moja kwa wiki, tena likipenda, nami nikasema mtoto wa kuonwa mara moja kwa mwaka simtoi. Binti akasema atamleta kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia ampeleke siku moja, amrudishe kesho yake, bila kuomba lifti kwa lori lolote. Akiweza, amchukue. Akishindwa, mtoto anabaki kwangu mpaka aanze shule.

Hakubishana. Alimpima mtoto makalio kwa utepe wake wa kushonea, akampelekea seremala kipimo, akachongewa kiti chenye mgongo, kikafungwa kwa boliti juu ya keria. Akaongeza vibao viwili vya kuzuia miguu isiingie kwenye spoki. Mkanda akaushona kwa pindo za mashuka, mshono juu ya mshono. Wiki ya kwanza walifika sokoni wakarudi. Ya pili, kiwanda cha matofali. Ya nne walirudi wamekula vumbi, mtoto anasinzia huku anaongea, nami nikaona mambo yananiharibikia.

Njiani kuna kilima. Ni kirefu hata ndege wakikipanda hutua katikati wapumzike, asiyeamini akawaulize. Nilijua binti yangu akifika hapo hushuka akasukuma. Basi mchana mmoja, tukichambua maharagwe, nikamwambia Kasuku kwamba kilima kile kina meno, na humeza kila anayeshuka kwenye baiskeli akakikanyaga. Nilijua atagoma, na watageuza.

Siku ikafika, wakaondoka alfajiri. Ya kilimani nilisimuliwa na wote wawili. Mama alipotia tu mguu chini, mtoto akapiga ukelele akamng'ang'ania shati.

"Panda, Mama. Kitakumeza, Bibi kasema."

Mama akabembeleza, akaeleza, akarukaruka pale barabarani kumwonyesha kwamba hamezwi. Ndiyo kwanza mtoto akazidi kulia.

Binti yangu hakusema Bibi ni mwongo. Alisema, "Haya, tusikikanyage." Akarudi mpaka chini kabisa, akaanza upya, akikata kushoto na kulia kama mlevi. Pumzi ilipomwishia alikumbatia nguzo ya umeme, miguu ikiwa palepale kwenye pedali, mpaka moyo ukatulia. Kasuku ndiye aliyekuwa akimtafutia nguzo inayofuata, akimwambia bado moja, Mama, bado moja tu. Zilikuwa kumi na nne.

Kesho yake jioni wakaingia uani. Binti yangu alitembea kama aliyeyasahau magoti yake njiani. Mimi sikuuliza kitu, aliuliza yeye.

"Mama, kile kilima kina meno mangapi?"

Nikamwambia thelathini na mawili, ila mawili yametoboka.

"Ungesema tu kwamba unataka abaki."

"Ningesema, ungemwacha?"

"Hapana."

Nikaingia ndani nikakunja nguo za mtoto moja moja, polepole kuliko zilivyohitaji.

Asubuhi ya kuhama nilimwinua mke mwenzangu mimi mwenyewe, nikamketisha kitini. Binti yangu akaniuliza kama kuna jingine lolote nililomwambia mtoto kuhusu ile njia. Nikamjibu hakuna.

Akamgeukia Kasuku, akamuuliza yeye.