Nilivyorudishwa Namanga nimevaa shuka, dada yangu anaumwa ng'ambo

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Hii sio chai, ni kweli tupu. Hata mke wangu kaijua mwaka jana tu. Atakayenitukana anitukane, nimestahili.

Mimi ni Mwarusha wa Olasiti. Mama alifariki nikiwa mdogo, akanilea dada yangu Nasieku. Alinibeba mgongoni, akauza maziwa nikasoma. Baadaye akaolewa na Mmasai upande wa Kenya, mbele kidogo ya Namanga.

Mimi nikabaki mjini. Enzi zile za ruksa mitumba ndiyo imeingia kwa fujo, nikafungua kibanda cha viatu. Basi, nikaanza kujiona. Kimasai nikakitupa kabisa mpaka kikanitoka, ukinisemesha nakujibu Kiswahili. Ukiniuliza kabila nakwambia mimi wa mjini.

Siku moja dada akaja kibandani. Shanga shingoni, masikio yametogwa, kibuyu cha maziwa mkononi. Nilikuwa na wateja, wasichana wawili wa maofisini, na mmoja nilikuwa namtaka. Akaniuliza, "Huyu mama ni nani yako?"

Nikajibu, "Huwa ananiuzia maziwa."

Wakuu, dada Kiswahili alikuwa anakielewa. Alisikia. Akaweka kibuyu chini, akakaa kidogo kwenye benchi, akaaga, akaondoka. Hakuja tena.

Ikapita kama miaka miwili. Shemeji akatuma ujumbe kwa mfanyabiashara wa mbuzi: dada anaumwa sana, hawezi kutembea, anataka kuniona. Jumatano yeye shemeji atanisubiri pale mpakani anipeleke.

Nilijua ninachokwenda kufanya. Kupiga magoti, kuomba msamaha. Hilo tu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Hati ya muda ya kusafiria ningeipata pale Arusha kwa siku chache na hela kidogo tu. Nikaona ya nini? Wamasai wanapita Namanga na ng'ombe wao hakuna anayewauliza, na mimi damu ile ile. Nikaazima shuka na fimbo, nikadandia lori la mahindi ili nisilipe nauli ya basi. Nimebeba sukari, majani ya chai na blanketi la dada.

Upande wetu nikapita. Nikachanganyika na wazee fulani wenye mbuzi, confidence mia. Upande wa pili akasimama ofisa mmoja mrefu, akatuangalia, akaja moja kwa moja kwangu.

"Supa!"

"Ipa!" Hiyo salamu naijua, nani haijui.

Akaniuliza kitu kirefu kwa Kimasai. Nikajibu, "Ipa."

Akauliza kingine. Nadhani ilikuwa ukoo, au rika langu. Nikajibu tena, "Ipa."

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akashikilia mbuzi wake asianguke. Ofisa akainamisha macho miguuni kwangu. Nimevaa raba nyeupe ya mtumba, na soksi juu!

"Ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili, "wewe umetoka wapi na hii shuka?"

Nikamweleza ukweli, nikambembeleza karibu nilie. Hakunifokea wala hakutaka chochote. Akasema tu, "Bila hati siwezi. Nenda utafute, urudi, nitakupitisha mimi mwenyewe."

Shemeji alikuwa amefika kitambo, yuko upande ule ananitazama. Akaruhusiwa kuja pale nilipo. Yeye Kiswahili hajui, mimi Kimasai sijui, kwa hiyo ofisa akawa mkalimani wetu.

"Haya, unataka amwambie nini dada yako?" ofisa akauliza.

Watu wamejaa, wale wazee bado wanacheka. Wakuu, nilikuwa na maneno yangu yote nimeyapanga tangu Arusha. Nikaona aibu.

Nikasema, "Amwambie pole. Ampe na hii sukari."

Shemeji akasubiri, kama anajua kuna kitu kimebaki. Nikamsogezea na blanketi. Akachukua mzigo akaondoka.

Nikarudi Arusha. Hati nikaipata ndani ya wiki ile ile. Mngetegemea nirudi kesho yake, eeh? Belo jipya la viatu likafika, zuri kweli, nikajiambia niuze kwanza, dada atapona, ana nguvu yule.

Wiki ya tatu yule mfanyabiashara wa mbuzi akaja tena. Alipovua kofia nikaelewa.

Nikaenda na hati yangu. Safari hii walinigongea muhuri hata hawakunitazama.

Kule bomani akanipokea binti mkubwa wa dada, alikuwa anasoma, Kiswahili kinapanda. Akanikaribisha kwa heshima mpaka nikashangaa. Akaniambia, "Mjomba, sisi tunakujua. Mama alikuwa anatusimulia kila mara. Siku aliyokuja dukani kwako ulisimamisha biashara, ukamkalisha, ukawaambia wateja wote, huyu ndiye aliyenilea."

Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Sikumsahihisha. Mpaka leo sijamsahihisha, na sasa naye ana watoto, na wao wameshasimuliwa habari ya mjomba wa Arusha.

Wakuu, siwalaumu watu wa mpakani hata kidogo. Mimi ndiye niliyebania vijisenti, na mdomo wangu ulikuwa huru kabisa siku ile. Ukiwa na neno la kumwambia mtu wako, liseme hata mbele ya mbuzi.

Naomba mnishauri, matusi yaje baadaye. Binti anakuja Arusha mwezi ujao, atafikia kwangu. Nimwambie kweli, au nimwachie dada yangu uongo wake?