Bibi Harusi wa Mlimani

Hata leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa juu ya nguo mbichimbichi, narudi Sumbawanga, asubuhi ya upepo wa kukata masikio, mama akininyooshea gauni la kanisani.

Baba, karani wa serikali, alikuwa amehamishwa kutoka Mbeya. Mama alishinda nyumbani, mtaa wa Milanzi, akifuma vitambaa vya makochi, na makochi yenyewe hatukuwa nayo. Shuleni nami nilikuwa mpweke kwelikweli. Mapumziko yakifika, wenzangu walihamia kwenye Kifipa chao, nikabaki kutazama mawingu.

Siku moja niliwaona wamechangamka. Nikamwuliza Skolastika, niliyekaa naye dawati moja, kuna nini.

"Kesho mwalimu anatupeleka kumwona bibi harusi, kule mlimani."

Msinicheke, niliamini. Nilipomwambia mama, uso wake uling'aa kuliko siku zote tangu tuhamie.

"Kumbe wametualika!" Akachagua kitambaa chake kizuri kuliko vyote, akakifunga kwenye karatasi. "Umpe mkononi, mwanangu. Mwambie kimetoka kwa mama, na nyumbani kwetu akaribie."

Tulipanda katikati ya mashamba ya ulezi, wenzangu na sare zao zenye viraka, mimi na gauni la maua na soksi nyeupe. Huko juu hapakuwa na harusi. Palikuwa na mnara wa udongo, mrefu kuliko mwalimu, umebomoka upande mmoja, na mzee akitusubiri.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, wajukuu. Hili ndilo ilungu, tanuru la kuyeyushia chuma. Likiwa jipya, wazee walilipamba, wakaliita bibi harusi, ili lizae chuma kizuri."

Skolastika akatazama kifurushi changu, akaelewa, akaangua kicheko. Darasa zima likafuata. Nilitamani tanuru lile linimeze.

Mama alinipokea mlangoni. "Haya, bibi harusi amesemaje?"

Nikamweleza yote huku nalia. Hakucheka wala hakunibembeleza. Alikikunja kitambaa upya, akakirudisha sandukuni, akaenda kupika ugali.

Nilidhani nimemtia aibu. Baadaye niliolewa mbali, nikakaa muda mrefu bila jirani hata mmoja wa kunibishia hodi, ndipo nikamwelewa. Ule mwaliko, mama alidhani ni wake.