Swali la Tatu la Kompyuta

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati ndipo aanze kunihukumu. Mume wangu analijua hilo, majirani zetu wa Katesh wanalijua, na mama mkwe alishaniambia kwamba nikipunguza wivu nitanenepa. Sijapunguza, na kunenepa nimenenepa.

Tuna duka la steshenari jirani na stendi. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti. Kompyuta ni moja tu, nayo ina akaunti mbili. Moja ni ya kazi, ninayoifungua mimi kila asubuhi. Nyingine ni ya admini, yenye mamlaka yote. Bila hiyo huwezi kuingiza programu wala kuunganisha printa mpya. Zamani nywila ya admini tulikuwa nayo wote wawili. Kisha siku moja mume wangu akaibadilisha.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Wateja wanachungulia ukiandika."

Wateja gani hao? Wakulima wa ngano waliokuja kutoa kopi za kitambulisho ndio wachungulie nywila? Roho haikutulia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa printa yetu ya zamani ikafa, tukanunua nyingine. Siku hiyohiyo mkuu wa shule moja ya Balangdalalu alikuwa ametuachia mitihani ya kufunga muhula, akasema jioni anapita na gari kuichukua. Ng'ambo ya barabara kuna duka jingine la kuchapa, na mwenyewe anatusubiri tuteleze tu. Tukimwangusha mkuu huyu, shule zote za upande ule zitavuka barabara. Mume wangu akafungua akaunti ya admini ili aunganishe printa, akaandika nywila. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa.

"Nimesahau," akasema.

"Umesahau kitu ulichokificha mwenyewe? Haya, makubwa haya, madogo yana nafuu."

Nikamsogeza pembeni nikakaa mimi. Nikaandika jina langu. Ikakataa. Nikaandika jina la mtoto wetu wa kwanza. Ikakataa. Mume wangu alipogeuka kumhudumia mteja, nikaandika jina la mwanamke mwingine, herufi moja moja. Nalo likakataa. Nikamshukuru Mungu, na papo hapo nikakasirika kwamba sijamkamata.

Mwanamke huyo ni muuza samaki wa Basotu, kijiji alikokulia mume wangu. Kila siku ya mnada huja Katesh na ndoo zake za perege wa kukaanga, na ndoo moja lazima aiegeshe mlangoni kwetu. Mimi ananiita wifi. Wifi wa wapi? Hawana baba mmoja wala mama mmoja. Anacheka kwa sauti kubwa, anajifunga khanga yake vizuri, na akishaingia dukani wanahamia kwenye Kimbulu yeye na mume wangu. Mimi ni mtu wa Kondoa. Kimbulu nimejifunza cha salamu na cha sokoni, basi. Wao wanakwenda mbio, wanacheka, kisha kuna wakati wote wawili wanakuwa kimya ghafla, na ule ukimya ndio ulikuwa unaniua. Watu wasio na jambo hawanyamazi namna ile. Samaki anaotuletea ni wakubwa kuliko anaowauza. Nawala, nisiwale kwa nini, lakini nawala nimenuna.

Basi tukampigia simu fundi wa Babati. Akasema tukikosea nywila, chini ya kisanduku yatatokea maandishi madogo ya kuweka nywila mpya. Tuyabonyeze, kompyuta itauliza maswali matatu ambayo mwenyewe aliyajibu siku alipoifungua mara ya kwanza. Majibu yakilingana, inafunguka. Yasipolingana, tumpelekee aifute na kuiwekea mfumo upya, na hiyo ni kazi ya kesho.

Tukabonyeza. Swali la kwanza: ulizaliwa mji gani. Akaandika. La pili: shule yako ya kwanza. Akaandika. La tatu: utotoni ulikuwa na jina gani la utani. Hapo vidole vyake vikasimama.

"Andika basi," nikamwambia.

"Sikuwa na jina la utani."

"Sasa ulijibu nini siku ile?"

"Sikumbuki."

Akaandika kifupi cha jina lake la ubatizo. Majibu hayako sawa. Akaandika jina la babu yake. Hayako sawa. Alikuwa anatoka jasho, na Katesh siku hiyo upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha karatasi mezani. Nikajaribu kumsaidia nikajikuta sina cha kusaidia. Mimi tangu nijifungue mtoto wa kwanza sijamwita mume wangu kwa jina lake. Ni Baba Fulani, kama ninavyoitwa Mama Fulani, na ndivyo heshima ilivyo. Lakini kabla ya kuwa baba wa mtu aliitwaje na wenzake? Sikujua. Nimekaa na mtu, nimempikia, nimemuuguza, halafu mashine inaniuliza swali la kitoto nami nabaki kutoa macho.

"Naenda kunywa chai," akasema, akatoka. Nilimwangalia anavyokwenda, nikajua huyu hajasahau. Huyu hataki nilione hilo jina.

Hajafika mbali, mlango ukazibwa na ndoo. Wifi huyo.

"Wifi, mbona uso umekunjamana? Mwenzangu yuko wapi?"

Eti mwenzangu! Nikajikaza kisabuni. Ningeweza kumjibu shombo kuliko samaki wake, lakini saa zilikuwa zinakwenda na mkuu wa shule alikuwa njiani. Nikamweleza: nywila imesahaulika, maswali ni matatu, la tatu linataka jina la utani la utotoni, na mwenye jina anasema hakuwa nalo.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliishusha ndoo, akajifuta mikono kwenye khanga taratibu, akatazama nje kule alikoelekea mume wangu.

"Andika Kambale," akasema.

"Kambale ndiyo nini?"

"Andika tu, wifi."

Nikaandika. Ikafunguka. Ikaniambia niweke nywila mpya, mara mbili. Nikaweka, nikaunganisha printa, na karatasi ya kwanza ya mtihani wa Jiografia ikatoka safi kabisa. Duka letu limepona, nami nilikuwa nawaka. Mtu baki ameingia na ndoo ya samaki, na kwa neno moja amefungua kilichonishinda mimi mwenye ndoa.

Mume wangu alirudi akasikia printa inaunguruma. Akaangalia kompyuta, akamwangalia yule mwanamke. Wakasemezana kwa Kimbulu, maneno machache, kwa sauti ya chini. Mwanamke akabeba ndoo yake akaondoka bila kuniaga.

Nilisubiri mkuu wa shule aje achukue mitihani yake na aondoke. Tukabaki wawili. Ndipo nikafyatuka.

"Haya, Kambale! Karibu nyumbani, Kambale. Kumbe kuna watu wana majina yao ya pembeni, sisi wengine tunalishwa Baba Fulani miaka yote. Na mengine anakuitaje huyo dada yako wa kununua?"

"Usiniite hilo jina."

"Yeye akuite, mimi nisikuite?"

"Na yeye haniiti. Leo umemlazimisha."

Akavuta kiti akakaa. Aliongea akiangalia sakafu. Walikuwa wanacheza ziwani, yeye na mdogo wake, mahali walipokatazwa. Tope likawavuta. Binti wa jirani, aliyekuwa amewazidi umri kidogo, akasikia kelele akaingia na nguo zake. Alimshika mmoja akamburuta mpaka ukingoni, akarudi kwa wa pili, hakumwona. Watu waliokimbilia pale walimwacha yule wa ukingoni wakidhani amekwisha, amejaa tope puani na mdomoni, kisha akakohoa. Kambale ukimtupa kwenye tope hafi upesi, ndiyo maana watoto wa kule wakamwita hivyo, mpaka mama yake alipotoka na fimbo kuwafukuza.

Mimi niliambiwa shemeji huyo alikufa kwa homa. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniambia, nami nikampa pole.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Kompyuta umeiambia, mimi mkeo hukuniambia?"

"Kompyuta inauliza mara moja, Mama. Ukishaijibu inanyamaza."

Neno hilo lilinichoma. Kutwa nzima nilikuwa tayari kwa hawara. Hawara ningejua pa kumwanzia; ningemfuata mnadani nikamtolea uvivu mbele za watu, na wanawake wenzangu wangenishika mkono. Huyu nimwanzie wapi? Bila yeye nisingekuwa na mume wa kumwonea wivu. Na bado nilimwonea wivu, tena kuliko siku zote, kwa sababu wakinyamaza pamoja wanamnyamazia mtu mmoja, nami nimekaa katikati yao nahesabu samaki.

"Aliitwa nani, huyo mdogo wako?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Si leo."

Sijamuuliza tena. Yule mwanamke wa Basotu analijua hilo jina, na mimi niliyemzalia watoto silijui mpaka sasa.