Mama Pasi Aenda Kumtazama Bintiye

Katika chumba chetu cha dobi sisi wengine tulikuwa wafuaji tu, lakini yeye alikuwa Mama Pasi. Nilimkuta pale kwenye meza ya dirishani siku naanza kazi. Alikuwa akilamba kidole, akakigusisha kwenye pasi asikie inavyolia, na kila shati akilimaliza aliliinua mabegani na kuliambia, "Simama kama mtu." Tulimcheka, naye alitucheka zaidi, maana ulimi wake ulikuwa na moto kuliko hiyo pasi. Mimi niliyefua karibu naye ndiye niliyetaniwa kuliko wote, na ndiye niliyempenda kuliko wote.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza mvulana, alizaliwa mnene, tukamwita Bonge. Wa pili msichana, mwembamba, tukamwita Kijiti. Baba yao aliondoka mapema, na mimi sina la kumsemea mtu yule. Watoto wakitoka shule walikuja kukaa chini ya meza ya pasi, penye joto, na mama akitaka kitu aliwaita bila kuinama. Bonge aliitika "naam," kama mvulana alivyofundishwa, tena kwa sauti nzito ya kujifanya mzee. Kijiti aliitika "abee," kama msichana alivyofundishwa. Kwa sauti hizo mbili mama alijua wanawe wote wapo.

Bonge alikufa kwa homa kabla hajamaliza shule ya msingi. Sitaki kulieleza sana jambo hilo, hata leo linaniuma. Mama Pasi alizika, akarudi kazini, akasimama mezani pake na kunyoosha mashati ya watu. Lakini kuanzia hapo, kila alipomwita binti, jina la marehemu lilitangulia. "Bonge... we Kijiti, niletee maji." Mtoto aliitika abee, akaleta maji. Sisi tulisikia, tukatazamana, tukaendelea kufua. Nani angemwambia mama aliyefiwa kwamba amekosea jina? Tulidhani yatapita, na hayakupita. Yeye mwenyewe hakujisikia hata mara moja. Ungemwambia, angekuapia kwamba unamsingizia.

Kijiti akakua, akajiunga na kikundi cha waigizaji, akahama nyumbani. Mwanzoni alikuja kila wiki, halafu mara moja moja, halafu ikawa simu za kuulizana hali tu. Mama Pasi alinyoosha nguo huku ameuma mdomo.

"Mwenzangu, nimemkosea nini mtoto huyu?" aliniuliza siku moja. "Sikumfukuza, sikumtukana. Kama kuna kosa si aniambie tu?"

"Watoto wakikua ndivyo walivyo," nilimjibu.

"Wa kwako mbona unalala nao kitanda kimoja mpaka leo?"

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Ndipo siku moja Kijiti alipofika mwenyewe pale kazini kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia sana, akatukabidhi tiketi mbili. "Mama, nina mchezo mpya. Nimeutunga mwenyewe. Njoo uuone, uje na mama mdogo." Mama mdogo ndiye mimi. Alipoondoka, Mama Pasi alizishika zile tiketi kwa ncha za vidole asizikunje.

"Akinialika basi nimesamehewa, hata kama kosa silijui," alisema. "Mchezo ukiisha namshika mkono, namwambia turudi nyumbani. Chumba chake nimeshakifagia."

Tulikwenda Jumapili mchana, yeye ndani ya gauni ambalo nzi angeteleza juu yake. Msichana mwenye tochi alituonyesha viti vyetu, safu ya pili. Vilikuwa viti vya kujikunja, na Mama Pasi alikaa juu ya ukingo wa kiti kilichofungwa, amenyooka kama askari, mpaka nikamwinua na kukishusha. Akalitazama pazia kutoka juu mpaka chini.

"Hili halijaona pasi tangu lishonwe," alisema.

Alikuja na njugu kwenye karatasi, na karatasi ilipiga kelele. Mzee wa nyuma akatufyonya. "Yule amelipia kimya," Mama Pasi alininong'oneza, akazirudisha njugu kwenye mkoba.

Taa zikazimwa, pazia likafunguka. Alitoka mama mmoja mtu mzima, mgongo umepinda, kitambaa kichwani, akiwa ndani ya jiko la mgahawa. Mimi nilichelewa kumtambua kwa jinsi walivyompaka rangi, lakini mama yake alimjua kwa kisigino tu. "Ndiye huyo," alisema, akanifinya paja. "Wamemzeesha mwanangu."

Yule mama wa jukwaani alikuwa kituko. Alisemesha masufuria, aligombana na moshi. Na kila alipotaka kitu aliita, "Mkubwa... we Mdogo, niletee chumvi." Msichana mdogo akaitika abee, akaja mbio na chumvi. Kidogo tena, "Mkubwa... we Mdogo, niletee kuni." Huyo Mkubwa hakuonekana kamwe. Mara ya tatu ukumbi mzima ulishaushika mchezo, na mama akifungua kinywa tu, watu wakamtangulia kwa sauti, "Mkubwa!" Vicheko vikapasuka mpaka kwenye viti vya nyuma kabisa.

Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Pasi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. "Mama gani huyu," alisema, "mtoto mmoja anamshinda kumwita." Nyani haoni kundule. Mimi nilijua tangu ile chumvi, nikawa nimekaa kama niliyemwagiwa ndoo ya maji. Nilitaka kumshika mkono nimtoe nje, niseme naumwa tumbo, niseme lolote. Lakini alikuwa na furaha, na ilikuwa siku nyingi sijamwona hivyo.

Halafu yule msichana akabaki peke yake jukwaani. Alifungua sanduku, akatoa shati la mvulana, akalivaa. Mikono ya shati ilipita vidole vyake. Kutoka jikoni mama akaita, "Mkubwa..." Kabla hajalifikia jina la pili, mtoto akaitika, kwa sauti nzito ya kulazimisha.

"Naam, mama."

Watu wengine walicheka kwa mazoea, kisha wakakatisha. Yule mama alitoka na mwiko mkononi, akamtazama mtoto ndani ya lile shati, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Umekuja, mwanangu," alisema. Akamkalisha, akampakulia, akamlisha kwa mkono wake. Wala hakuuliza Mdogo yuko wapi. Pazia likafungwa.

Watu walisimama kupiga makofi. Mama Pasi hakusimama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya paja langu.

"Ni mimi," alisema.

Akanigeukia.

"Huwa naita hivyo?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwenzangu."

Alitikisa kichwa polepole. "Na mimi nauliza kosa langu ni lipi."

Tulizunguka nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wanaotokea waigizaji. Palikuwa na benchi, tukakaa. Mama Pasi alikuwa akichezesha midomo. Nilimwinamia nikasikia, "Kijiti. Kijiti. Kijiti," kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa. "Leo sikosei," aliniambia. "Nitamwita jina lake, nimwombe radhi, turudi nyumbani." Nilimwombea moyoni.

Mlango ukafunguka. Kijiti akatoka, rangi ya jukwaani imebaki pembeni ya masikio, macho yanatafuta. Mama yake aliinuka, akafungua mikono, na uchungu na furaha vikamjaa kwa pamoja.

"Bonge," aliita.

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kijiti alisimama palepale. Niliona jinsi alivyomtazama mama yake ndani ya lile gauni lililonyooshwa. Nadhani alikuwa ametoka na neno lingine kabisa siku ile. Lakini aliinamisha kidevu, kama Bonge alivyokuwa akifanya chini ya meza ya pasi, akaitika kwa sauti nzito.

"Naam, mama."

Akaja, akamkumbatia, akamwacha alie begani mwake mpaka achoke. Kisha akatusindikiza hadi barabarani, akamwekea mama mkoba wake vizuri begani, akarudi ndani kwa wenzake. Tulirudi nyumbani wawili, kama tulivyokuja.