Walimpiga mwanangu kwa sababu alijifunika bendera ya taifa

Admin, nifichie jina, maana hapa Kasulu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 41, mkulima, Muha wa kuzaliwa. Wazazi wa mume wangu walitoka Burundi, lakini yeye kazaliwa huku, kasoma huku, na uraia anao. Mtoto wetu wa kwanza, tumwite Elia, yuko kidato cha tatu na ni golikipa wa shule yao.

Siku ya fainali ya mashindano ya shule niliacha maharage yameanikwa nikaenda kumtazama. Walicheza na shule ya Kibondo anakosoma mtoto wa kaka yangu, tumwite Jofu. Mashabiki wao walikuja wamejaa kwenye Fuso, wakasimama nyuma ya goli la Elia na kuimba, "Mrundi, rudi Manyovu!" yaani kule mpakani na Burundi. Nikajipa moyo kwamba ni utani wa mpira, mpaka nilipomwona anayewaimbisha. Alikuwa Jofu. Huyu kila likizo anakula kwangu na kulala kitanda kimoja na mwanangu. Wale wenzake wangejuaje babu yake Elia alitoka wapi kama si yeye kuwaambia?

Wakaenda hadi penati. Elia akadaka ya mwisho. Mwenzake akamrushia bendera ya taifa, akajifunika mabegani na kukimbia kuzunguka uwanja. Hakumtukana mtu, alikuwa anacheka tu. Alipofika upande wa Kibondo, Jofu akamzuia.

"Vua bendera yetu."

"Na mimi ni yangu," Elia akajibu.

Jofu aling'oa mti wa kibendera cha kona akampiga nao usoni. Elia akaanguka, na kundi zima likamvamia kwa mateke na mawe. Nilikimbia nikamlalia mwanangu. Nilipigwa mbavuni mpaka pumzi ikakatika. Nilipoinua uso, Jofu alikuwa amesimama juu yetu na ule mti una damu.

"Shangazi, toka hapo," akasema. Kisha akapiga tena.

Jicho la kushoto la Elia halikupona, madaktari wamelitoa. Elia siku hizi hatoki ndani, na nikimsemesha anageukia ukutani.

Jofu alikamatwa, sasa yuko nje kwa dhamana. Ameshatimiza miaka kumi na nane, akitiwa hatiani ni jela. Wanafunzi wote wamesema lilikuwa kundi, hawakuona nani alishika mti. Elia mwenyewe hataki kuizungumzia siku ile, kwa hiyo shahidi aliyebaki ni mimi.

Kaka alikuja na mama yetu. Akasema yale yalikuwa mambo ya mpira, tuyamalize nyumbani, yeye atabeba matibabu. Mama alilia, akaniambia nikimfunga mjukuu wake, yeye akifa nisije kumzika. Walipoondoka, mume wangu akaniambia:

"Ukinyamaza, nitajua hata wewe miaka yote hii ulikuwa unaniona mtu wa kuja."

Tangu hapo hatuongei. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa panga, na shambani kwa sasa hatuna cha kufyeka. Nilipomuuliza ni la nini, aliendelea kunoa.

Jumatatu naitwa mahakamani. Nikisema, nampoteza mama na kaka. Nisiposema, naogopa mume wangu atakwenda kuyamaliza mwenyewe kwa panga. Ndugu zangu mnaosoma hapa, ingekuwa ninyi mngesema nini mbele ya hakimu? Naomba mnijibu kabla ya siku hiyo.